Kinachosumbua ni kilichohama, si rangi

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama sura mpya za mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta kama Windows na ule wa Mac, zinamrahisishia kazi mtumiaji wa kawaida wa kompyuta au zinamsumbua bure. Zinamsumbua, lakini si kwa sababu inayotajwa sana. Watu hulalamikia rangi, aikoni zilizobadilishwa na madirisha yenye kona za mviringo. Hayo huzoeleka ndani ya siku mbili tatu. Kinachokula muda wa watu ni kitu kuhamishwa mahali pake, au kufichwa kabisa.

Mtu anayewasha kompyuta aandike barua, achape, atunze hesabu zake, hasomi menyu. Anajua amri anayoitaka ni ya tatu kutoka juu, au ni ile ya bluu pale pembeni. Baada ya wiki chache mkono unatangulia jicho. Fundi naye anakijua kitu kwa jina lake, kwa hiyo kikihamishwa anakitafuta kwa jina na kukipata. Mtumiaji wa kawaida hakuwahi kulihitaji jina hilo. Ndiyo maana badiliko moja humpotezea fundi dakika moja na mwenzake asubuhi nzima, na ndiyo maana wanaobuni sura hizi, ambao karibu wote ni mafundi, huona malalamiko yametiwa chumvi.

Chukua kitufe cha Start cha Windows, kile kinachofungua orodha ya programu. Tangu Windows 95 kilikaa kona ya chini kushoto, na kona ni mahali pazuri kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kwenye kona, kishale hugonga ukingo wa skrini na kusimama chenyewe, kwa hiyo huhitaji kulenga: unasukuma kipanya chini kushoto, basi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilikipeleka Start katikati. Ubaya wake si umbali. Aikoni zote za upau wa kazi, yaani ule mstari wa chini, hupangwa kama kundi moja lililo katikati. Kila unapofungua programu mpya kundi linapanuka, na Start inasogea kushoto kidogo. Asubuhi iko hapa, adhuhuri iko pale. Mkono hauwezi kujifunza mahali pasipotulia.

Hilo linarekebishika haraka. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye upau wa kazi, fungua mipangilio yake, shuka hadi sehemu ya mwisho inayohusu tabia za upau, kisha kwenye mpangilio wa aikoni chagua kushoto. Ukiwa hapo hapo, tazama chaguo la kuunganisha vitufe vya programu na kuficha majina yake. Ukiweka isiunganishe kamwe, kila dirisha lililo wazi litaonyesha jina lake chini. Chaguo hilo halikuwepo Windows 11 ilipotoka. Lilirudi mwaka 2023, kwa hiyo wengi waliolitafuta mwanzoni wakalikosa hawajui kwamba sasa lipo.

Kwa kuhamisha, Windows 11 bado ni pole. Windows 8 ya Oktoba 2012 ilikiondoa kitufe cha Start kwenye eneo-kazi (desktop), na hata kuzima kompyuta kukawa fumbo: upeleke kishale kona ya kulia, usubiri upau ujitokeze, uingie mipangilio, ndipo ukione kitufe cha umeme. Hakukuwa na alama yoyote ya kukuambia kwamba kona ile ina kitu. Kitufe cha Start kilirudishwa na Windows 8.1 mwaka uliofuata, na menyu yake kamili ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Kwa maoni yangu kosa kubwa la Windows 8 lilikuwa huko kuficha kuliko vile vigae vyake vya rangi vilivyochekwa sana. Kitu kilichohamishwa utakiona ukitazama vizuri. Kilichofichwa hata ukitazama hukioni.

Kuficha huko hakujaisha. Menyu ya kitufe cha kulia ndani ya Windows 11 imefupishwa: amri za kukata, kunakili, kubandika, kubadili jina na kufuta zimegeuzwa vialama vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, na nyingine nyingi zimesukumwa nyuma ya kipengele cha mwisho cha kuonyesha chaguo zaidi. Mtu aliyekuwa akitafuta neno sasa anatafuta mchoro. Kuna jambo jingine linalochanganya na halisemwi: ukibofya karibu na sehemu ya chini ya skrini, menyu hufunguka kuelekea juu na vile vialama hukaa chini yake badala ya juu. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 limeongeza majina chini ya vialama, ishara kwamba hata waliovibuni waliona tatizo. Ukiitaka menyu ndefu ya zamani moja kwa moja, shikilia Shift unapobofya kulia. Kufuta kuna kitufe chake cha Delete, na kubadili jina ni F2, kama ilivyokuwa miaka yote.

Upande wa Mac hakuna nafuu kubwa. Mwaka 2011 mfumo wa Lion uligeuza mwelekeo wa kusogeza ukurasa ufanane na skrini ya kugusa, ukaficha na mistari ya pembeni inayoonyesha ukurasa una urefu gani. Mtu asiyeuona mstari hudhani hati imeishia pale anapoona, akajaza nusu ya fomu. Kwenye mipangilio ya mwonekano ipo nafasi ya kuagiza mistari hiyo ionekane daima. Kwenye Windows 11 chaguo kama hilo limo katika ufikivu (Accessibility), sehemu ya athari za kuona. Mwaka 2022 toleo la Mac la Ventura lilibadilisha ukurasa wa mipangilio kutoka safu za aikoni hadi orodha ndefu ya kushoto, mithili ya simu. Mwaka 2025 toleo la Tahoe likaiondoa Launchpad, ukurasa wa kufungulia programu, na waliokuwa wamepanga programu zao humo kwa folda na kurasa wakapoteza mpangilio. Tahoe pia imeleta vioo: menyu na vitufe vinavyopenyesha kilicho nyuma yake. Kwa mwenye macho dhaifu, maandishi juu ya kioo chenye picha nyuma ni mateso. Nenda kwenye ufikivu, sehemu ya skrini, upunguze upenyevu. Windows ina swichi yake ya namna hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na U uingie ufikivu, kisha zima athari za upenyevu.

Liko badiliko moja ambalo halionekani kabisa kwenye sura, nalo ndilo linaloogopesha watu kuliko yote. Unaposanidi Windows upya, mojawapo ya kurasa za mwanzo huhusu kuhifadhi folda zako kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na kitufe kikubwa ni cha kukubali. Ukikubali, eneo-kazi, hati na picha huhamishiwa ndani ya folda ya OneDrive. Machoni hakuna kilichobadilika, lakini anwani ya faili si ile ya zamani. Nafasi ya bure ni GB 5. Ikijaa, usawazishaji wa faili na mtandao husimama na maonyo huanza. Mtu aliyechoshwa na maonyo huenda akazima huduma, na mara nyingi hapo eneo-kazi hubaki tupu. Faili hazijafutwa. Zimebaki ndani ya folda ya OneDrive, na eneo-kazi limerudi kusoma folda yake ya awali, ambayo haina kitu.

Kwa hiyo kabla ya kuzima, tazama alama iliyo kando ya kila faili. Wingu maana yake faili iko mtandaoni tu, haimo kwenye diski yako. Tiki ya kijani maana yake imo. Bofya kulia kwenye folda, agiza ibaki daima kwenye kifaa hiki, usubiri wingu zote zigeuke tiki. Ndipo unakili folda nzima mahali pengine, diski ya nje ikiwezekana, na ndipo uzime. Ukifuata mpangilio wa kinyume, zile zenye wingu hutakuwa nazo pale unapozihitaji bila intaneti.

Sasa dawa. Sishauri kukimbilia programu za watu wengine zinazorudisha menyu ya zamani kwa kubandika viraka ndani ya mfumo. Hufanya kazi vizuri mpaka sasisho lijalo liguse sehemu ileile, kisha upau wa kazi unagoma kutokea na mtumiaji hajui aanzie wapi. Wala kubaki na mfumo uliokwisha muda si dawa: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashimo ya usalama hayasubiri mtu azoee.

Dawa ni kujenga mazoea juu ya vitu visivyohama. Amri za kibodi ndizo zimedumu kuliko menyu yoyote. Kitufe cha Windows na E hufungua faili zako, na D huonyesha eneo-kazi, na L hufunga skrini, na I huingia mipangilio. Windows 11 ilipotoka, watu walipiga kelele kwamba kidhibiti cha kazi (Task Manager) kimeondolewa kwenye menyu ya upau. Aliyezoea Ctrl, Shift na Esc hakuhisi chochote. Ni kweli zipo chache ambazo nazo hubadilishwa kazi: Windows na C imefungua upau wa pembeni, kisha msaidizi wa sauti Cortana, kisha mazungumzo ya Teams, kisha msaidizi wa akili bandia Copilot. Hiyo usihangaike kuikariri.

Nguzo ya pili ni majina. Bonyeza kitufe cha Windows, anza kuandika jina la unachotaka. Kwenye Mac ni Command na kitufe cha nafasi. Mahali pa kichapishi pamehama mara nyingi, ila neno lenyewe bado linakileta. Kwa kurasa za ndani zaidi, Windows na R hufungua kisanduku kidogo cha amri. Andika appwiz.cpl upate orodha ya programu za kuondoa, ncpa.cpl upate miunganisho ya mtandao, mmsys.cpl upate sauti, main.cpl upate kipanya. Amri hizi zinafungua kurasa zilezile tangu Windows XP. Tahadhari moja tu: andika mwenyewe herufi kwa herufi. Ukurasa wowote wa intaneti unaokuambia ubonyeze Windows na R kisha ubandike kitu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti ni wa wezi.

Kwa wanaofundisha wengine nina neno kali kidogo. Karatasi za maelekezo zinazosema bofya kona ya kushoto, kisha ya nne kutoka juu, huzeeka kwa sasisho moja, na picha za skrini huzeeka haraka zaidi. Andika jina la kitu, amri ya kibodi, na matokeo yanayotarajiwa kuonekana. Karatasi ya namna hiyo itavuka matoleo mawili matatu bila kuguswa.

Ofisini usihamishe mashine zote kwenda toleo jipya siku moja, wala usihamishe wiki ya kufunga hesabu. Anza na moja: jaribu kuchapisha nayo, kutumia skana, na kufungua ile programu ya zamani ambayo kila mtu anaitegemea. Kumbuka Windows inakuruhusu kurudi toleo la awali ndani ya siku 10 tu, kupitia mipangilio, mfumo, urejeshaji. Siku hizo hazitoshi kwa mtu anayetumia kompyuta mara mbili kwa wiki. Kabla hazijaisha, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa mamlaka ya msimamizi na uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, upate hadi siku 60. Usisafishe diski katika kipindi hicho, maana folda ya Windows.old ndiyo inayobeba mfumo wa zamani, na ikifutwa kurudi hakuwezekani tena. Ukirudi, faili zako hubaki, lakini programu ulizoweka baada ya kuhama huondoka. Weka nakala ya kila kitu kwanza.

Na unapoomba msaada, usiseme tu kwamba una Windows 11. Vipengele vipya husambazwa kwa awamu, kiasi kwamba kompyuta mbili zenye toleo moja zinaweza kuonyesha menyu tofauti wiki ileile. Bonyeza Windows na R, andika winver, na umsomee msaidizi wako namba yote iliyoandikwa pale, pamoja na ile iliyo baada ya nukta.