Jiki na dawa ya choo: msimamizi amekwambia uchanganye?

Ndugu uliyeuliza kama ni kweli jiki ikitiwa dawa ya choo hung'arisha haraka, kama alivyokwambia msimamizi wako hapo hotelini: usithubutu. Dawa nyingi za choo, hasa zile za kutoa kutu, ni asidi, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hukaa chini, pale pale ulipochutama ukisugua. Maski ya kitambaa haiizuii. Ukisikia koo linawasha, toka nje kwanza, ndoo utaiokota baadaye.

Mimi nimefanya usafi na kutunza mabwawa ya kuogelea Nyali na Bamburi, huku Mombasa, kwa miaka mingi, na kinachonitia hofu zaidi ni chupa. Dawa huja kwa mtungi wa lita 20, halafu vibarua hugawiwa kwenye chupa za soda na za maji, jina halijulikani. Nilimshuhudia kijana wa bustani, jua la saa saba, akiokota chupa ya maji kivulini mwa stoo. Kumbe asidi ya vigae. Bahati ilimgusa mdomo tu akatema. Tukamsukutua kwa maji na kumkimbiza hospitali, midomo imevimba. Aliyeiweka pale hakupatikana, na hawapatikani kamwe.

Chupa ya kinywaji isitiwe dawa, basi. Na ukiandika lebo, ifunike kwa selotepu, maana unyevu wa pwani yetu hufuta wino upesi. Stoo ya mabati nayo ni balaa: joto huidhoofisha jiki na kuijaza chupa gesi mpaka ifure.

Wa mabwawa: klorini ya unga hutiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Kata ya kuchotea iwe kavu, na kila aina ya klorini iwe na yake; aina mbili zikichanganyika zaweza kuwaka au kulipuka.

Dawa yoyote ikikurukia machoni, ni maji ya bomba robo saa nzima, halafu daktari. Habari za kutia maziwa achana nazo.

Glavu na miwani ni juu ya mwajiri, Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka avitoe. Choo kikihitaji dawa zote mbili, tia moja, suuza kwa maji mengi, nyingine iwe siku nyingine. Msimamizi akibisha, mgeuzie chupa ya jiki asome onyo la nyuma.