Mawingu ya matuta juu ya ziwa

SWALI: Alfajiri, baada ya radi za usiku kucha ziwani, tumeona mawingu yamejipanga kama matuta ya viazi, yanakuja nchi kavu bila mvua. Upepo ulikuwa unakuja na kukatika kila baada ya dakika chache. Ni nini?
Msomaji, Igombe, Mwanza

JIBU: Ni mawimbi ya hewa, na inaelekea yalizaliwa na radi hizo za usiku. Mvua ikiporomoka huipoza hewa. Hewa hiyo nzito hushuka na kutambaa juu ya maji. Alfajiri hewa ya chini huwa baridi na ya juu yake ina joto, kwa hiyo imetulia. Ikinyanyuliwa na ile inayotambaa, huwa nzito kuliko jirani zake: hurudi chini, hupitiliza, husukumwa tena juu. Inapopanda unyevu hugeuka wingu, inaposhuka wingu huyeyuka. Ndiyo matuta yenu.

Wataalamu huyaita mawimbi ya graviti, kwa kuwa uzito ndio unaoirudisha hewa. (Yale yaliyonaswa mwaka 2015 kutoka mashimo meusi ya anga za mbali ni kitu kingine kabisa.)

Dhoruba hiyohiyo hutikisa na juu. Kilele cha wingu hugonga tropopozi, yaani mpaka wa juu wa tabaka la hewa lenye mawingu na mvua, ambao ukanda wetu uko kilomita 16 hadi 17, hupenya kidogo na kuanguka, kama mchi kinuni. Mawimbi hupanda yakitanuka kwa duara, na kadiri hewa inavyopungua ndivyo yanavyokua: yasipovunjika njiani, kwenye kilomita 87 huwa makubwa zaidi ya mara 100. Huko hewa ina mng'ao hafifu wa usiku, na setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa 2011, imepiga picha za duara hizo.

Ukitaka kuyapima, tumia simu yenye kihisi cha kanieneo (mgandamizo wa hewa) na uandike kila dakika moja. Ukisoma kwa saa, wimbi la dakika kumi litakupita. Kanieneo ikipanda na kushuka mara kadhaa bila baridi kuingia, ni wimbi. Ikiruka ghafla, kibaridi kikaingia na upepo ukavuma, hiyo ni hewa ya dhoruba yenyewe: mitumbwi ya dagaa isitoke. Mteremko wa polepole wa mchana ni wa kila siku, usiuhesabu. Simu isihamishwe: kupanda ghorofa moja tu, mita 3, hushusha kipimo kwa takriban hektopaskali 0.3 (hektopaskali ni kizio cha kanieneo), na utadhani umelinasa wimbi.