Unapuliza tarumbeta? Basi imba pia

Vijana wanaopuliza kwenye bendi wakiniuliza wamsikilize nani, huwatajia Roy Eldridge, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani. Wengi hushangaa, maana walitarajia gwiji wa tarumbeta ya jazz, Louis Armstrong. Armstrong hana mpinzani, hilo halina ubishi. Ila kwa mtu anayetafuta riziki kwenye jukwaa la dansi, maisha ya Eldridge yana mafunzo mengi zaidi.

Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1911. Mfupi wa umbo, wakambandika jina la Little Jazz. Ujanani hakuishia kuwaiga wapiga tarumbeta. Aliichukua solo ya saksafoni ya Coleman Hawkins kwenye "The Stampede", rekodi ya bendi ya Fletcher Henderson ya mwaka 1926, akaikariri noti kwa noti. Miaka 10 baadaye akawa anapuliza kwenye bendi hiyohiyo ya Henderson, kwa kasi ambayo ilimvutia sana mpiga tarumbeta mwenzake, Dizzy Gillespie.

Kwa hiyo wewe mvizie mpiga gita la solo wa bendi yenu. Mimi huchukua kipande chake kifupi tu, nakiimba kwa "la la la" mpaka nijue pa kuvuta pumzi, ndipo naiweka tarumbeta mdomoni. Kama hakiimbiki, ujue bado hujakishika, vidole vinabahatisha.

Halafu kuna kuimba kwenyewe, mbele ya watu. Mwaka 1941 Eldridge aliingia bendi ya mpiga drams Gene Krupa, na mwaka huohuo wakarekodi "Let Me Off Uptown". Anajibizana na mwimbaji Anita O'Day, kwa utani na mbwembwe, mpaka dada wa watu anamwambia apulize, naye anapasua anga. Kutoka kwenye maneno kwenda kwenye tarumbeta si mchezo: midomo imekauka, pumzi imeshatumika. Usilivute neno la mwisho. Likate, lamba midomo, vuta pumzi ya tumboni, na noti ya kwanza iwe ya chini au ya kati. Kama mate yamejaa kwenye tarumbeta, yatoe mwenzako anapoimba; ukisubiri hadi solo, itakoroma, na ukumbi mzima utasikia.

Safarini, maliza habari za malazi na usafiri kabla ya kupanda gari. Eldridge, mtu mweusi kwenye bendi za Wazungu, alikataliwa vyumba hotelini, na alipokuwa kwenye bendi ya Artie Shaw aliwahi kuzuiwa mlangoni mwa ukumbi ambao jina lake limebandikwa nje. Alipiga shoo ile huku akilia. Sisi hatukabiliani na ubaguzi wa rangi kama ule, lakini promota wa kukulaza kwenye benchi hakosekani.

Mwaka 1980 maradhi yalimlazimisha kuiweka chini tarumbeta. Aliendelea kuimba, mara nyingine akapiga drams na piano. Mpulizaji asiyejua kingine hubaki nyumbani midomo ikigoma, nami nimewaona hao wakiwa bado na akili yote ya muziki.

Ukitaka kuanza, tafuta "Rockin' Chair" aliyopiga na Krupa, ya mwaka 1941. Tumia spika, achana na ya simu. Mara ya kwanza usiguse tarumbeta.