Video za masomo kwa mtoto wa miezi minne
Dada, umeuliza kama inafaa kumwekea mwanao wa miezi 4 video za masomo kwenye simu ili ubongo wake ukue haraka. Kwa maoni yangu haifai, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri kabisa mtoto wa chini ya mwaka 1 awekwe mbele ya skrini.

Ni kweli kwamba ubongo hukua kwa kasi katika umri huo, kwani ujazo wake huongezeka takriban maradufu katika mwaka wa kwanza. Lakini miunganiko ya seli zake huimarika kwa kutumika, na anayeichochea zaidi ni mtu anayemjibu mtoto. Mwaka 2003 Patricia Kuhl, mtafiti wa jinsi watoto wanavyojifunza lugha, na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliocheza na mtu aliyezungumza Kimandarini (Kichina) walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, ilhali waliotazama video hawakujifunza.

Kwa hiyo unapombadilisha nepi, msogelee uso kwa uso, useme neno moja au mawili, kisha unyamaze ukimtazama. Akitoa sauti au akirusha miguu, mjibu kana kwamba amesema jambo la maana (naye, kwa hakika, amesema). Akigeuza uso, amechoka, mwache. Usingizi wake nao usiukatize kwa ajili ya michezo.

Ikiwa hashtuki kwa kelele wala hatabasamu akichekewa, mpeleke kliniki akapimwe masikio na macho.