Mkoba wa ngozi wa kwanza: ubavu ndio unaoupinda

Msomaji wa Malindi ameleta picha ya mkoba wa ofisi alioushona mwenyewe, ule wa kizamani wenye kifuniko na mikanda miwili ya bizimu. Mishono imenyooka vizuri, lakini ukiwekwa mezani unalala upande kama jahazi lililopakiwa vibaya. Anauliza atumie uzi gani ili unyooke. Hakuna uzi wa hivyo. Mkoba huo umepinda kwa sababu ya pale ulipoanzia kushonwa.

Kwanza ngozi. Inayotakiwa ni iliyodabighiwa, yaani kutengenezwa isioze, kwa magome ya miti, kwa kuwa ukiikunja ikiwa na unyevu hukauka vilevile ilivyokunjwa. Ya kromu, yaani iliyodabighiwa kwa dawa ya kromu, ni laini na haishiki umbo. Kuzitofautisha, dondoshea tone la maji upande wa juu: ya magome hulinywa na kubaki na doa la kahawia, ya kromu mara nyingi huliacha tone limekaa, na ukiikata utaona ubuluu katikati ya unene wake. Chukua sehemu ya mgongo wa ng'ombe. Ya tumbo ni ya bei nafuu lakini huvutika, na mkanda uliovutika haurudi. Unene uwe milimita 3 kwa mwili wa mkoba na 2 kwa ubavu, yaani ukanda unaounganisha uso na mgongo. Futi za mraba 8 zinatosha, pamoja na za kuharibu.

Vipimo vya mkoba wa sentimita 40 kwa 30, kina 9: uso ni 40 kwa 30, mgongo na kifuniko ni kipande kimoja cha 40 kwa 61, yaani 30 za mgongo, 9 za kupita juu na 22 za kushuka mbele. Ubavu ni ukanda mmoja wa sentimita 100, unaoshuka upande, ukapita chini, ukapanda upande wa pili. Upana wake ni 11.4, kwa sababu kila ukingo unakunjwa nje sentimita 1.2 ili upate mahali pa kushonea. Kona za chini zizungushe kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Kata kigezo cha boksi kwanza, na usikate ngozi kwa pigo moja. Pitisha kisu mara tatu kwa wepesi, wembe ukiwa mpya.

Mstari wa kukunjia ubavu uchimbe kwa ndani, thuluthi moja ya unene, si zaidi, la sivyo utapasuka ukikunjwa. Lowesha kwa sifongo, kunja, bana kwa vibanio, uache kivulini usiku kucha. Kwenye kona ukingo unahitaji kuvutwa, maana unazunguka njia ndefu kuliko ubavu wenyewe; usugue na mpini wa kijiko mpaka ukubali. Usiuanike juani ukidhani unaharakisha. Jua la kaskazi hufanya ngozi yenye unyevu ikakamae.

Sasa penye kosa lenyewe. Wengi huanza kushona juu kushoto na kuzunguka hadi juu kulia, matundu karibu 240 ukiyapanga milimita 4. Kila tundu mkono huvuta ubavu kidogo tu, nusu ya unywele, lakini ukifika mwisho ubavu umeshasogea sentimita nzima. Kisha mgongo hushonwa hivyohivyo ukiwa umegeuzwa, ubavu ukavutwa upande mwingine, na mkoba ukajinyonga. Weka alama katikati ya ukanda na katikati ya chini ya uso. Zikutanishe. Shona kutoka hapo ukipanda kulia, kisha rudi katikati na kupanda kushoto. Mgongo nao vivyo hivyo. Ubavu unaozidi juu utaukata mwishoni.

Kila nusu ya mshono ni karibu nusu mita, nayo hula uzi mara nne, basi kata mita 2 za uzi wa kitani wa milimita 0.8 uliopakwa nta ya nyuki. Tia sindano butu kila ncha. Sindano zote mbili hupita tundu moja, kila moja kutoka upande wake. Uzi wa upande mmoja ukikatika, wa upande wa pili unashika. Anza daima na sindano ileile, la sivyo mshono utayumba. Tobolea kwa ncha bapa, si ya mviringo, kwani tundu la mviringo halijifungi. Mwisho rudi nyuma matundu matatu, kata uzi.

Chuma na ngozi yenye unyevu havipatani: chembe moja ya kutu huacha doa jeusi. Doa hilo lipapase kwa maji ya ndimu, kisha futa kwa maji matupu. Kwa sababu hiyo, na kwa chumvi ya hewa ya Lamu, bizimu na ribiti ziwe za shaba. Mkono wa mkoba uwe wa tabaka tatu, na ribiti mbili kila ncha.

Kingo zisugue kwa msasa, zilowanishe kidogo, uzisugue tena kwa kitambaa kigumu chenye nta mpaka zing'ae. Mafuta ya nazi, kijiko kimoja kwa mkoba mzima. Usipake sifa, yale mafuta ya papa: hayo ni ya jahazi, na mkoba utanuka papa mpaka ofisini. Masika usiufungie kwenye nailoni, utaota ukungu. Uvike kitambaa cha pamba.

Mkoba wa Malindi unaokoleka. Fumua mishono yote miwili, tupa ubavu, kata mwingine. Uso na mgongo usivitoboe upya: shonea matundu yaleyale, na matundu ya ubavu uyatoboe kupitia hayo, moja baada ya jingine, ukianzia katikati ya chini.