Umesikiliza shukrani bila dhoruba yake

Mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema miaka ishirini na kitu iliyopita ulikuwa na kanda ya Simfoni ya 6 ya Beethoven, ule utunzi mrefu wa okestra, ukaipiga hadi ikachakaa. Juzi ukaukuta muziki ule ule kwenye simu, sauti safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, ukafunga macho ukisubiri moyo ushtuke, na moyo haukushtuka. Unauliza kama ndiyo uzee. Jibu langu ni refu, kwa sababu nami nimepita humo humo, na nilikosea karibu kila hatua.

Kabla sijasahau, nadhani nusu ya tatizo lako iko hapa. Umeandika kwamba ulisikiliza "ile ya mwisho, ile tamu", tena ikiwa imechomekwa kwenye orodha ya muziki wa kutuliza akili. Simfoni hiyo ina sehemu 5, na 3 za mwisho zimeshonwa pamoja bila kituo: ngoma ya wanakijiji inakatizwa na dhoruba, dhoruba inapita, ndipo wimbo wa mchungaji unaingia. Zile ngoma kubwa za timpani Beethoven kazitumia kwenye dhoruba tu. Kwingine kote mpigaji wake amekaa, mikono mapajani. Pikolo, ile filimbi ndogo yenye sauti kali, nayo haisikiki popote ila hapo. Na sehemu ya mwisho mwenyewe aliiandikia kwamba ni hisia za furaha na shukrani baada ya dhoruba. Wewe umesikiliza shukrani peke yake. Ni tamu, sawa, lakini unashukuru nini?

Sasa yangu.

Nilikuwa na miaka 16, nalala chumba kimoja na kaka yangu. Yeye alikuwa anajiandaa na mtihani, anasoma hadi usiku wa manane, na mezani kwake kulikuwa na redio kaseti ambayo mlango wake wa kanda ulishikiliwa kwa mpira kwa sababu kibanio kilivunjika. Kanda aliyopiga ilikuwa moja, kila siku hiyo hiyo. Haikuwa na jina, ila alama ya kalamu nyekundu upande A. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani najifanya nimelala, maana ningeonekana macho ningeambiwa niamke nisome.

Muziki ulianza kwa ala za nyuzi kuvimba polepole, kama mtu anavuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Sehemu ya kwanza ilikuwa ndefu na mara nyingi ilinipita. Niliyoisubiri ni ya pili, ambayo karibu haisogei. Ala tatu za katikati zinashikilia wimbo mmoja mrefu, taratibu mno, hata hujui wameshabadilisha noti au bado. Chini yake selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inadonolewa kwa kidole. Juu, fidla inatupia neno moja moja kama mtu anayeongea usingizini. Halafu, bila hodi, vurugu: kila ala inatetemeka, inalia. Halafu vurugu inaanza kuchoka, inakatikakatika, na hapo hapo, tak. Kitufe kinaruka. Upande umekwisha.

Kaka anamaliza mstari aliokuwa anausoma, ananyanyuka, anageuza kanda. Upande B unapoanza, ule wimbo wa taratibu umeshaingia tena, tayari uko njiani. Aliyerekodi naye alikuwa binadamu. Muda wa kutoa kanda na kuigeuza, muziki haukumngoja. Kwa hiyo kulikuwa na shimo, sekunde kadhaa tu, kati ya vurugu na utulivu. Mimi sikujua kwamba ni shimo. Nilidhani huo ndio muziki wenyewe: kilio, tak, kiti kinasogea, tak, amani.

Kaka alifaulu, akaondoka, na kanda sikuiona tena. Jina la muziki sikuwahi kuuliza.

Ikapita miaka 25. Siku moja nafunga hesabu za mwezi, kompyuta inajipigia muziki wowote, mara nikasikia zile ala tatu. Mkono uliacha kuandika. Na kilichorudi hakikuwa kitu kikubwa cha kusimulia watu. Ulirudi ufa wa ukutani, wenye umbo la herufi Y. Ilirudi baridi ya ukuta kwenye goti langu, na kivuli cha kichwa cha kaka kikipanda hadi darini. Na woga, woga wenyewe hasa, wa mtihani wa hesabu ambao niliufanya robo karne iliyopita na nikapona kwenye tundu la sindano. Nilikaa pale, mtu mzima wa miaka 41, tumbo linanivuruga kwa sababu ya maswali ya pembetatu.

Vurugu ikaja, ikaanza kuchoka, na mwili wangu ukajikaza kusubiri tak. Haikuja. Badala yake zikaja sauti nilizokuwa sijawahi kuzisikia: vipande vifupi, vinasita, kimya katikati, kama mtu anapapasa gizani akitafuta mlango. Kisha wimbo ukarudi, lakini safari hii selo ya pili inatembeatembea chini yake kwa noti za haraka, kama maji ambayo bado hayajatulia tangu dhoruba. Upande B niliusikia mara mia, na zile noti za chini nilizisikia, ila sikujua zinatoka wapi. Kumbe zilikuwa mabaki.

Kwenye kioo cha kompyuta niliona ni Schubert, mtunzi wa Austria, utunzi wa ala tano za nyuzi katika C meja, namba D. 956 kwenye orodha ya kazi zake. Aliuandika mwaka 1828, miezi yake ya mwisho, akafariki tarehe 19 Novemba mwaka huo huo akiwa na miaka 31. Mozart alipotunga kwa ala tano za nyuzi aliongeza viola, ambayo ni kubwa kidogo tu kuliko fidla. Schubert kaongeza selo, na ndiyo maana chini kunakuwa na giza lile. Schubert alimwandikia mchapishaji kuhusu utunzi huu, naye mchapishaji hakuuchukua. Ulipigwa hadharani mwaka 1850 na kuchapishwa 1853. Kwa hiyo ulikaa miaka 22 bila wa kuusikiliza, nami nilikaa nao miaka 25 bila jina. Tumezidiana kidogo tu.

Baada ya siku ile ndipo nikaanza kuharibu.

Niliingia mitandaoni kutafuta "rekodi bora". Watu wanagombana huko: wengine wanaapa kwa ile ya mpiga selo Casals na wenzake ya mwaka 1952, wengine ya mpiga selo Rostropovich na kundi la Melos, 1977. Nikazisikiliza zote mbili, na nyingine nyingi. Nzuri mno. Ufa wa ukutani haukurudi hata mara moja. Hapo nikakata tamaa kama wewe, nikasema ile siku ya hesabu za mwezi ilikuwa bahati.

Kilichoniokoa ni lile tak. Nilikumbuka kanda ilikuwa ya dakika 60, yaani 30 kila upande. Baadhi ya wapigaji wa sehemu ya kwanza hawarudii ule mkondo wa mwanzo ambao Schubert ameandika urudiwe. Usiporudiwa, sehemu ya kwanza inachukua kama dakika 14, na ya pili nayo kama 14, zote mbili zingeingia upande A na kubaki nafasi. Ya kwetu ilikatika katikati ya ya pili. Maana yake wapigaji wale walirudia. Nikaondoa rekodi zote zisizorudia, zikabaki chache. Moja kati ya hizo, nilipoisikiliza, fidla ilivuta pumzi mahali pale pale ninapopajua, lakini bado kulikuwa na uzito fulani, kama mtu ninayemfahamu amevaa koti la baba yake. Nikakumbuka ile redio yetu: mota yake ilikimbia, hata watangazaji kwenye kanda walisikika wembamba. Nikaongeza kasi kwenye simu kwa asilimia 3, ambayo ni kama nusu ya nusu-toni. Ufa ukarudi. Goti likapata baridi.

Jina la rekodi hiyo sitalitaja. Kwako haitakuwa chochote, na kusema kweli si bora kuliko ile ya Casals.

Kosa la pili ni baya zaidi, maana halirekebishiki. Nilipoipata niliipiga kila siku, asubuhi na jioni, kwa karibu wiki tatu. Wiki hizo hizo nilikuwa na mgogoro kazini wa kunikosesha usingizi. Leo zile nyuzi za mwanzo zikivimba, kinachonijia kwanza ni barua ya onyo na uso wa aliyeisaini. Chumba cha kaka kinakuja nyuma yake, kimefifia. Muziki haukukataa kubeba siku mpya, ukazibeba juu ya zile za zamani. Sasa nausikiliza mara mbili au tatu kwa mwaka, wote mzima, sishiki simu, na nikiwa na jambo linanisumbua siugusi kabisa.

Na kaka? Nilimpigia nikiwa nimejaa, nadhani nilitaka tulie wote. Nikamwekea simu karibu na spika.

"Hii nini?" akasema.

"Kaka, kanda ya alama nyekundu! Ya usiku!"

Kimya. Kisha: "Aaa. Ile nilipewa tu na mtu. Nilikuwa naiweka kwa sababu haina maneno. Ningeweka za maneno ningeimba, nisisome."

Nikamuuliza sehemu ya pili, ile ya taratibu, haikumbuki? Akasema hiyo ilikuwa inampa usingizi, alikuwa anaivumilia tu ili afike upande wa pili, kwenye ile inayorukaruka. Ni kweli, sehemu ya tatu inarukaruka, ina vishindo kama pembe za wawindaji. Tulilala chumba kimoja, kanda moja, mimi nangoja anachokivumilia. Niliumia kwa siku mbili hivi, halafu nikaona afadhali, ufa ule ni wangu peke yangu.

Kwa hiyo mkuu, suala la uzee liache. Wanasaikolojia wamechunguza hili kwa miaka mingi: watu wazima wakiombwa kusimulia maisha yao, kumbukumbu zinajaa zaidi kwenye umri wa miaka 10 hadi 30 hivi, kuliko miaka inayofuata. Kanda yako iko humo, haijaenda popote. Ila usiitafute kwenye wimbo mtamu. Kwangu haikuwa kwenye wimbo mtamu hata kidogo, ilikuwa kwenye kiungo, pale kitu kinapogeuka kuwa kingine, na kiungo hukipati bila kupita njia nzima.

Jaribu hivi. Tafuta rekodi ambayo sehemu 5 zinafuatana bila pengo, maana simu nyingine zinaweka kimya cha sekunde mbili kati ya dhoruba na mchungaji, na hapo ndipo penyewe. Anza mwanzo kabisa. Ikiwa haikugusi, usilaumu Beethoven, badilisha wapigaji: yupo anayeimaliza kwa dakika 38 na yupo anayefika 45, na sikio lako la ujanani limezoea mwendo mmoja tu kati ya huo. Kumbuka kila dosari unayoweza. Palikuwa na mtangazaji mwanzoni? Palikuwa na kelele za mtu chumbani? Ulikuwa unasikilizia wapi, kwa sauti ya chini au ya juu? Mimi bila kitufe kuruka nisingefika.

Na utuambie, kanda yako ilikuwa ya dakika ngapi, na upande A ulikatikia wapi? Kama ilikuwa ya 60 na ikakatikia karibu na dhoruba, nadhani naweza kukusaidia kupunguza orodha.