Wadogo zangu wa labu, andikeni paseji

Juzi nimeingia chumba cha seli nikapata wawili wenu mnasema laini ya seli shina za binadamu H9 inageuka poa kuwa nyuroni lakini laini ya H1 ni kichwa ngumu, na kwa plati zote hakuna hata moja imeandikwa namba ya paseji, yaani mara ngapi seli zimegawanywa na kuhamishiwa plati mpya. Tumbo lilinikaza, juu hayo maneno niliyasema mimi kabla yenu.

1. Ni kweli laini za seli shina za kiinitete hazifanani. 2008 watu wa Harvard walipima laini 17, ile inaitwa HUES 8 ikatoka bora kwa kugeuka seli za kongosho, HUES 3 kwa za moyo, na utendaji wa jeni zingine ulipishana zaidi ya mara 100 kati ya laini. Lakini kabla useme ni tabia ya laini, hakikisha unalinganisha vitu vya kulinganishwa.

2. Hii ndo iliniumiza. H1 yangu ilikuwa paseji 70 na kitu, H9 paseji 30 hivi, nikaziweka kwa protokoli moja ya nyuroni, H9 ikatoa PAX6 safi (jeni inayoonyesha seli zinaelekea kuwa nyuroni), H1 karibu hakuna, nikarudia, nikarudia tena, miezi minne, na kila mara nikaona nimethibitisha. Kumbe katika hizo paseji nyingi H1 ilikuwa imeongeza kipande cha kromosomu 20, pale 20q11.21 penye jeni ya BCL2L1 inayozuia seli kufa. Na dalili nilikuwa naziona kila asubuhi! Zilikuwa zinashika plati haraka, hazifi nikizitenganisha moja moja, zinajaa mapema, nami nikafurahi nikidhani nimekuwa fundi wa kukuza seli. Kariotipu, ile picha ya kromosomu zote, ilisema ziko sawa kwa sababu kile kipande ni kidogo, hakionekani vizuri hapo. Mbaya zaidi nilikuwa nimempa mwanafunzi mmoja hizo seli, dada mtaratibu sana, akapoteza muhula mzima akijilaumu mikono yake. Nilimfuata hadi steji ya matatu Ngong Road kumwambia, akanyamaza, akaniuliza tu, "Kwa hivyo haikuwa mimi?" Hilo swali bado linaniamsha usiku.

3. Wekeni kizuizi cha ROCK (dawa ya kusaidia seli zisife) mkiyeyusha seli, masaa 24 kisha badilisha midia.

4. Hesabuni seli kabla ya kuanza, msikadirie kwa macho, juu plati iliyojaa na yenye nafasi hazigeuki sawa hata kama ni laini moja.

5. Kila paseji 10 pimeni 20q, ile sehemu ya kromosomu 20, kwa qPCR (kipimo cha kuhesabu nakala za DNA). Praima, vile vipande vifupi vya DNA vya hicho kipimo, ziko friza ya pili, rafu ya juu, boksi la bluu. Anzeni na hiyo H1 mnayoisema vibaya, nileteeni peleti (seli zilizokusanywa chini ya tyubu) kesho kabla ya saa nne.